Kilomita Pekee Hazitoshi

Mwandishi aliyedai gazetini kwamba muda wa safari ya ndege ni hesabu ya kugawa kilomita kwa mwendo, na kwamba saa za ziada ni ujanja wa mashirika ya ndege, amewapotosha wasomaji.

Tuchukue Helsinki na Tokyo. Kati yake ni kilomita 7,800 hivi kwa njia iliyo fupi kuliko zote, ile inayopita juu ya Urusi. Hadi mwanzoni mwa 2022, Finnair ilikuwa ikiimaliza safari hiyo kwa saa 9 na ushei. Februari mwaka huo Urusi ikafunga anga yake kwa ndege za Umoja wa Ulaya, na safari ikawa ya saa 13 hivi: ndege ama ipande hadi kwenye Ncha ya Kaskazini, ama izungukie kusini. Viwanja havikusogea hata hatua moja. Ujanja uko wapi hapo? Mafuta ya saa zote hizo za ziada yanamtia hasara mwenye ndege mwenyewe.

Tena kuna upepo, jambo ambalo hakuligusa kabisa. Huko juu, kimo cha kilomita kumi hivi, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndiyo maana Nairobi hadi New York, njia iliyofunguliwa na Kenya Airways Oktoba 2018, huchukua takriban saa 15, na kurudi huwa pungufu.

Msomaji, unapopanga ndege ya kuunganisha, fuata saa zilizo kwenye ratiba. Usitegemee rula na ramani.