MZIGO UNASIKIKA, DEREVA HASIKIKI



Malori yanayochukua mizigo ya nchi jirani kutoka bandari ya Dar es Salaam hufungwa lakiri ya kielektroniki. Chombo hicho kidogo huieleza Mamlaka ya Mapato mahali gari lilipo, muda liliosimama, na kama mlango wa kontena umeguswa. Tangu bandarini hadi Rusumo, safari ya kilomita zipatazo 1,300, mzigo hauachi kutoa taarifa. Lakini mtu anayeuendesha mzigo huo, mwenye mke na watoto, pengine hapa hapa Ntobeye, aweza kukaa kimya siku mbili au tatu kwa sababu kifurushi cha simu kimekwisha au mtandao haupo. Iweje basi kontena lipate sauti kabla ya mwanadamu? Swali hili ni la haki kwanza, na la mitambo baadaye.

Wapo watakaosema kwamba jambo hili ni dogo, na kwamba Tume ya Haki na Amani ingefaa kushughulika na mashamba yanayonyang'anywa na wajane wanaofukuzwa majumbani. Hayo tunayashughulikia. Lakini barabara kuu inayopita Lusahunga, Nyakahura na Benaco imekata katikati ya wilaya zetu mbili, Biharamulo na Ngara, na vijana wengi wa vigango vyetu hupata mkate wao juu yake, wakiwa madereva au utingo. Haki ya mfanyakazi haiishi mlangoni mwa kiwanda.

Yafaa tutazame kwanza jinsi kazi yenyewe ilivyo siku hizi. Zamani dereva alipewa karatasi zake, akaondoka, na tajiri akangoja arudi. Sasa simu ni sehemu ya gari. Wakala wa forodha humtumia dereva nyaraka kwa simu, na fedha za mafuta huingia kwa simu. Akifikisha mzigo hana budi kupiga picha ya hati ya kupokelea na kuituma siku ile ile. Akiharibikiwa porini, tajiri hataki maelezo. Ataka picha ya kifaa kilichovunjika. Nani hulipia hayo yote? Mara nyingi dereva mwenyewe, kutoka posho ya safari, ile ile anayolia chakula, anayolipia mahali pa kuoga na kumgawia utingo wake. Sijapata kusikia mwenye gari akimwambia dereva anunue dizeli kwa posho. Kwa nini basi anunue intaneti, ikiwa kazi haiendi bila hiyo?

Tena bei yenyewe ina hila ndani yake. Maskini hununua kidogo kidogo, naye anayenunua kidogo hulipa zaidi kwa kipimo kile kile. Ndivyo ilivyo kwa sukari na mafuta ya taa, na ndivyo ilivyo kwa kifurushi, au bando kama wasemavyo vijana. Kifurushi cha siku huhesabiwa kwa saa. Dereva akikinunua asubuhi, akapita kipande kirefu cha pori ambako simu haishiki, saa zile zinahesabiwa vile vile. Jioni akifika mahali penye mtandao, muda umekwisha na alichokinunua hakukitumia. Huko ni kulipia kiti katika basi ambalo halikufika kituoni.

Akikaribia mpaka huanza jambo jingine. Sisi tukaao katika vilima vya Ngara twalifahamu: simu yaweza kunasa mnara wa nchi jirani wakati mwenye simu yungali upande wetu. Asipokuwa mwangalifu, salio humezwa kwa bei za ng'ambo. Kwa sababu hiyo madereva wengi hubeba laini za nchi mbili au tatu. Mwaka 2014 Kenya, Uganda na Rwanda zilianza mpango wa kushusha gharama za simu zivukazo mipaka yao, na Sudan Kusini ikafuata. Tanzania na Burundi hazikuwamo katika kundi hilo la kwanza, ingawa Rusumo na Kabanga ni milango ambayo mizigo hupita usiku na mchana. Miaka miwili baadaye, Aprili 2016, marais wa Tanzania na Rwanda walifungua kituo cha pamoja cha mpakani Rusumo, ili gari likaguliwe mara moja badala ya mara mbili. Kazi njema. Lakini tulianza na mzigo.

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba mfanyakazi ana mwajiri wa aina mbili. Yuko yule anayempa mshahara, na wako wale ambao kwa sheria, mikataba na taratibu zao huweka masharti ambayo mwajiri wa kwanza hufanya kazi ndani yake. Hao wa pili nao wana wajibu. Kwa dereva wetu, wajibu huo unaigusa Serikali inayopanga minara, makampuni ya simu yanayopanga bei, na mfanyabiashara wa Kigali au Bujumbura anayetaka mzigo wake ufike upesi kwa nauli ya chini. Tukimlaumu tajiri peke yake hatutakuwa tumesema kweli yote. Matajiri wengine wana gari moja tu, la mkopo.

Wala hatudai jambo ambalo halijapata kutokea duniani. Kontena lile lililofungwa lakiri lilifika Dar es Salaam kwa meli. Mkataba wa kimataifa wa kazi za mabaharia wa mwaka 2006 ulifanyiwa marekebisho mwaka 2022, yakaanza kutumika Desemba 2024. Marekebisho hayo yanataja mawasiliano ya baharia na watu wake miongoni mwa huduma anazostahili melini, na kuwaelekeza wenye meli watoe intaneti kadiri inavyowezekana, na malipo, kama yapo, yawe ya kiasi. Hivyo mtu aliyelivusha kontena katika Bahari ya Hindi ametajwa katika mkataba wa mataifa. Anayelivusha katika pori la Biharamulo hutegemea posho. Madereva wa Tanzania walipogoma Aprili na Mei 2015, moja ya madai yao lilikuwa mikataba ya ajira. Dereva asiye na mkataba ulioandikwa atadai intaneti kwa maandishi gani?

Naomba niguse jambo ambalo kwetu ni zito. Mkoa wa Kagera ndiko wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI nchini walikotambuliwa, mwaka 1983. Tangu siku zile dereva wa lori amehubiriwa katika kila semina: awe mwaminifu, amkumbuke mkewe. Mahubiri hayo yalikuwa ya lazima. Lakini ni mara ngapi tuliuliza mume na mke hao huzungumzaje, mmoja akiwa Benaco na mwingine Morogoro? Uaminifu hulishwa kwa mazungumzo. Baba anayemwona mtoto wake kwenye kioo cha simu usiku, akamsikia akisoma, anabaki kuwa baba wa nyumba ile. Hata Mei 2020, Rwanda ilipoagiza madereva wabadilishane mpakani kwa sababu ya korona na malori yakakwama Rusumo, wake zao walikuwa nyumbani wakingoja habari.

Najua pingamizi. Simu mkononi mwa anayeendesha huua. Hilo halina mjadala, na sheria inakataza. Najua pia kwamba intaneti ile ile huleta picha chafu na michezo ya kubahatisha, ambayo imekwisha kula posho za vijana wetu wengi. Lakini hatukufunga barabara kwa kuwa walevi hupita juu yake.

Mwezi Mei 2023 Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote ulitia saini mikataba na makampuni ya simu kujenga minara 758 katika kata 713. Mpango huo ulihesabu kata, yaani mahali watu wanapolala. Kipande cha barabara kinachopita msituni hakina wakazi wa kukililia, ingawa mamia ya watu hukipita kila usiku. Ni lazima wakililie wale wanaokifahamu.

Kwa hiyo nawaomba wajumbe wa kamati za Haki na Amani wa vigango vilivyo kando ya barabara kuu wakae na madereva, Benaco, K9 na Rusumo, waandike kila mahali mtandao unapokatika, kwa jina la kijiji au jiwe la kilomita, na ni makampuni gani yanayoshika. Waulize pia ni wangapi walioandikiwa mkataba, na kama mkataba huo unataja gharama za simu. Halmashauri ya Walei itaipeleka orodha ya mitandao kwa madiwani na kwa Mfuko; ile ya mikataba ni ya ofisi ya kazi. Na wale wenu wenye malori, nanyi mpo kati yetu kila Dominika, hamna haja ya kungoja orodha.