Mafunzo ya Usalama Kazini: Cheti Pekee Hakimkingi Mfanyakazi

Kila ifikapo tarehe 28 Aprili, Tanzania huungana na mataifa mengine kuadhimisha Siku ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Duniani. Hotuba hutolewa, kofia ngumu na vifaa kinga vingine huoneshwa mabandani, na waajiri waliofanya vizuri hutambuliwa. Swali la msingi, hata hivyo, hujibiwa baada ya maadhimisho kumalizika: katika kiwanda, mgodi au jengo linaloendelea kujengwa, ni nani mwenye ujuzi wa kuiona hatari kabla haijaleta madhara, na ni nani mwenye mamlaka ya kusema kazi isimame?

Uzito wa swali hilo unaonekana katika takwimu. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO) yaliyotolewa mwaka 2023 yanaonesha kuwa takriban watu milioni 2.93 hufariki dunia kila mwaka kutokana na ajali na magonjwa yanayohusiana na kazi, na wengine milioni 395 hupata majeraha yasiyosababisha kifo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, Juni 2022, Mkutano Mkuu wa shirika hilo uliingiza mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi, sambamba na uhuru wa kujiunga na vyama na kukomeshwa kwa ajira ya watoto.

Kwa Tanzania Bara, msingi wa kisheria ni Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi (OSHA) ulioanzishwa mwaka 2001. Zanzibar ina sheria yake, Na. 8 ya mwaka 2005. Sheria ya mwaka 2003 haikumwachia mkaguzi pekee jukumu la ulinzi. Inamtaka mwajiri kuteua kwa maandishi wawakilishi wa usalama na afya kutoka miongoni mwa wafanyakazi, na inatambua kamati za usalama na afya. Mantiki yake ni nyepesi kueleweka: mkaguzi hufika kwa siku chache, ilhali mfanyakazi yupo kila zamu.

Tukio la Januari 2024 katika mgodi wa Ng'alita, wilayani Bariadi mkoani Simiyu, linaonesha kwa uchungu umuhimu wa mantiki hiyo. Maporomoko ya udongo yaliwafukia wachimbaji wadogo na zaidi ya 20 walipoteza maisha. Kwa mujibu wa taarifa ya viongozi wa wilaya, uchimbaji katika eneo hilo ulikuwa umezuiwa kutokana na mvua kubwa zilizokuwa zikiendelea kunyesha. Hatari ilijulikana na katazo lilikuwapo. Katazo lililotolewa ofisini linahitaji mtu wa kulisimamia kwenye duara lenyewe: mtu anayeelewa kwa nini udongo ulioloa hupoteza uwezo wa kujishikilia, na ambaye wenzake watamsikiliza anapowaambia wasishuke.

Ndiyo maana maudhui ya mafunzo yana uzito kuliko idadi ya waliohudhuria. Mafunzo yaliyokamilika humfundisha mshiriki kufanya tathmini ya vihatarishi na kuchagua hatua za udhibiti kwa mpangilio: kwanza kuiondoa hatari yenyewe, kisha kubadili kifaa au njia ya kufanya kazi, kisha kuwatenga watu na hatari, na mwisho kabisa vifaa kinga. Katika maeneo mengi mpangilio huo hugeuzwa. Mwajiri hununua barakoa na kuamini kuwa amemaliza wajibu wake.

Vumbi la migodini ni mfano ulio wazi. Uchorongaji wa miamba katika eneo la Mirerani, mkoani Manyara, hutoa vumbi la silika ambalo chembe zake ni ndogo kiasi cha kutoonekana kwa macho. Likiingia ndani ya mapafu hubaki humo, husababisha makovu yasiyotibika na huongeza uwezekano wa kuugua kifua kikuu. Hospitali ya Kibong'oto, mkoani Kilimanjaro, imekuwa ikiwahudumia wachimbaji wa aina hiyo. Mwakilishi aliyefundwa vizuri hatasubiri kikohozi. Atashauri uchorongaji wa kutumia maji, atahimiza hewa safi ishushwe mgodini, na atafuatilia kama wenzake wanafanyiwa uchunguzi wa afya. Barakoa itafuata baada ya hayo.

Changamoto iliyopo ni kwamba wapo wawakilishi wenye vyeti wasiopewa muda wa kukagua, wala nafasi ya kuzungumza katika vikao vya menejimenti. Wapo pia vibarua wa ujenzi wanaobadilisha eneo la kazi kila wiki, ambao mafunzo ya darasani hayawafikii. Kwa kundi hili, maelezo ya dakika kumi kabla ya zamu, kwa Kiswahili kinachoeleweka na mbele ya jukwaa watakalopanda, yanaweza kuwa na manufaa kuliko semina ya hotelini.

Mkataba wa ILO Na. 155 unataka mfanyakazi aliyejiondoa katika hatari ya dhahiri kwa maisha au afya yake, akiwa na sababu za msingi, alindwe dhidi ya adhabu. Mafunzo yasiyoambatana na ulinzi huo humwacha mwakilishi akiijua hatari huku akiogopa kuitaja.

Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi (WCF), ulioundwa kwa Sheria Na. 20 ya mwaka 2008, umeleta nafuu kwa wanaoumia na kwa familia za wanaofariki. Hata hivyo, fidia hufuata madhara. Haiurudishi mkono uliokatwa na mashine, wala haiyarejeshi mapafu yaliyoharibika.

Kipimo cha mafanikio, kwa hiyo, hakina budi kusogea kutoka kwenye orodha ya mahudhurio hadi kwenye eneo la kazi. Je, matukio yaliyokaribia kuwa ajali yanaandikwa na kujadiliwa? Je, tathmini ya vihatarishi hurejewa pale mashine mpya inapofungwa? Je, mfanyakazi anamjua mwakilishi wake kwa jina? Na je, katika miezi 12 iliyopita, imewahi kutokea hata mara moja kazi ikasimamishwa kwa ushauri wa mwakilishi huyo?

Maswali haya hayahitaji mkaguzi ili yaulizwe. Mwajiri anaweza kujiuliza mwenyewe, na mfanyakazi ana haki ya kuyapeleka kwa kamati ya usalama na afya, kwa chama chake cha wafanyakazi au katika ofisi ya OSHA iliyo karibu naye.