Picha isiyo na jina haitoshi kuleta haki Zanzibar

Na Mwandishi Wetu, Bububu

ABIRIA wa daladala namba 502 itokayo Darajani kwenda Bububu hupita Maruhubi na Mtoni, penye magofu ya majumba ya masultani. Mtoni pia ilikuwapo kambi ya polisi iliyovamiwa usiku wa kuamkia Januari 12, 1964, siku ya Mapinduzi. Katika safari hiyo fupi, kijana mwenye simu anaweza kutazama mkanda wa mauaji yaliyofuata, akashuka Bububu bila kujua aliowaona ni akina nani.

Mkanda huo ni sehemu ya filamu ya Africa Addio ya Wataliano Gualtiero Jacopetti na Franco Prosperi, iliyotolewa mwaka 1966. Wapigapicha wake waliruka na ndege juu ya Unguja, wakachukua picha za makundi ya watu wakiswagwa na za maiti zilizotapakaa. Filamu inaeleza kuwa hao ni Waarabu.

Hata hivyo, filamu hiyo haikupokewa kama ushahidi mtupu. Mwaka huohuo, wanafunzi wa Kiafrika na wenzao wa Kijerumani waliandamana Berlin Magharibi kuipinga, wakisema inamdhalilisha Mwafrika na kuupamba ukoloni.

Mvutano huo haujakwisha. Kwa familia zilizopoteza ndugu, baadhi zikiwa Oman hadi leo, mkanda huo unathibitisha kuwa mauaji yalitokea. Kwa wanaoyatetea Mapinduzi, wanaokumbuka utumwa na mashamba ya mikarafuu yaliyokuwa mikononi mwa wachache, ni kipande kilichokatwa kutoka katika historia ndefu ya dhuluma. Picha ni moja, hukumu ni mbili.

Sababu ni kwamba kamera ilionyesha maiti, lakini haikutaja jina la marehemu, kijiji chake wala aliyemuua. Katika ghasia za uchaguzi wa Juni 1961 waliuawa watu 68, karibu wote Waarabu, na Waingereza wakaunda tume ya uchunguzi chini ya Sir Stafford Foster-Sutton. Ghasia hizo hazina filamu mashuhuri, lakini zina hesabu. Mauaji ya 1964 yana filamu, lakini hayakupata tume ya namna hiyo, na makadirio ya waliokufa yanapishana kwa maelfu.

Tukio la Januari 12, 2016 linaonyesha upande wa pili wa shilingi. Zanzibar ilikuwa katika mvutano baada ya Tume ya Uchaguzi kufuta uchaguzi wa Oktoba 2015. Kwenye sherehe za Mapinduzi katika Uwanja wa Amaan, lilibebwa bango la kuwabagua machotara, likidai kuwa Zanzibar ni nchi ya Waafrika.

Vijembe vya kisiasa havikuwa vigeni kwenye mbao za maskani za mjini. Lakini kilichoandikwa kwa chaki hufutika. Bango la Amaan lilipigwa picha na kusambaa mitandaoni likiwa na tarehe, mahali na mashahidi wengi. CCM ililazimika kujitenga nalo hadharani.

Ndivyo ilivyokuwa pia nchini Marekani. Mei 25, 2020, msichana wa miaka 17 alirekodi kwa simu kifo cha George Floyd mjini Minneapolis, wakati taarifa ya awali ya polisi ilizungumzia tatizo la kiafya. Video hiyo ilizaa haki kwa kuwa ilifika mahakamani ikiwa na mashahidi wenye majina. Askari Derek Chauvin alitiwa hatiani Aprili 20, 2021.

Tanzania nayo ina Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika hadi Zanzibar na kukataza kusambaza mambo ya ubaguzi wa rangi kwa kompyuta. Lakini sheria hiyohiyo inaadhibu taarifa za uongo, kifungu ambacho wakosoaji wanasema kinaweza kumtisha hata mwenye ushahidi wa kweli.

Wakati huohuo, muda unakwenda. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1964 sasa amevuka 80. Kitabu cha Harith Ghassany, Kwaheri Ukoloni, Kwaheri Uhuru!, kilichotoka mwaka 2010 na kusambazwa kwenye intaneti, kilionyesha kuwa walioshiriki wanaweza kuzungumza wakiulizwa.

Simu inayomwonyesha kijana wa Bububu maiti wasio na majina inaweza pia kurekodi sauti ya babu yake, awe mjukuu wa mtumwa au wa mwenye shamba. Kinachokosekana ni utaratibu wa kuzipokea sauti hizo zote, kuzilinganisha na kuzihifadhi, pengine katika Nyaraka za Taifa pale Kilimani. Bila hilo, kila Januari mkanda uleule utarushwa tena, na majina yatazidi kupotea pamoja na wazee wanaoyajua.