Mstari Uliolala

Ukisafiri kutoka Dar es Salaam kwenda Moshi utapita Hedaru, chini ya Milima ya Upare, na hapo utaiona reli iliyoanza kujengwa Tanga mwaka 1893 ikafika Moshi mwaka 1911. Njia ni moja. Treni mbili zinazokabiliana haziwezi kupishana ila stesheni. Mpangaji wa safari ajuaje zitakutana wapi? Tangu karne ya 19 watu wa reli wamechora chati: saa upande mmoja, stesheni upande wa pili, na kila treni mstari wa mshazari. Mistari miwili ikikatana porini pasipo stesheni, ratiba hiyo haifai, hata iwe imepigwa chapa vizuri namna gani.

Ofisini nako chati zimejaa kutani, ingawa nyingine, tuseme kweli, ziliachwa kujazwa siku rangi ilipokwisha.

Lakini iko chati moja ambayo huenda unayo nyumbani, ndani ya sanduku, pamoja na hati za familia. Ni kadi ya kliniki ya mtoto. Mwishoni mwa miaka ya 1950, daktari Mwingereza David Morley, akifanya kazi katika kijiji cha Imesi nchini Nigeria, alitengeneza kadi ya uzito ambayo mama mwenyewe alikwenda nayo nyumbani. Jambo hilo halikuwa dogo. Hadi hapo habari za mtoto aghalabu zilifungiwa katika kabati la hospitali.

Tuchukue mfano wa watoto wawili wa kike wenye umri wa miezi 12, kila mmoja ana kilo 8. Kwa mizani wako sawa. Fungua kadi zao. Wa kwanza alikuwa na kilo 7.2 alipotimiza miezi tisa, kisha 7.5, kisha 7.8. Wa pili alikuwa na 8.3, akabaki hapo mwezi uliofuata, kisha 8.2, na sasa 8. Huyu wa pili ndiye wa kuhangaikiwa, naye mwezi wa tisa ndiye aliyesifiwa kwa unono! Mstari wake ulilala kabla haujashuka, na ulipolala ndipo palipokuwa na nafasi ya kuuliza: je, aliharisha? Amepunguza kunyonya? Uji wake ni mwepesi mno, hauna karanga wala mafuta?

Wako watakaosema, "Ukoo wetu ni wa watu wembamba." Shirika la Afya Duniani lilipotoa vipimo vipya mwaka 2006, lilikuwa limepima watoto wa Brazil, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Ilionekana kwamba watoto wadogo wanaolishwa vema na kutunzwa vema hukua kwa namna inayokaribiana sana, popote walipozaliwa.

Kwa watu wa tambarare za Hedaru jambo hili lina uzito wa pekee. Mawingu huimwagia milima mvua, nako chini ardhi ikabaki kavu. Ndiyo maana Wapare tangu kale wamechimba ndiva za kuhifadhi maji na kuyagawa kwa zamu. Masika yakikosa, mahindi hukauka, na ghala likipungua mtoto huweza kupungukiwa nyumbani kabla yeyote hajatamka neno njaa. Mtendaji wa kijiji atakayetazama kadi za watoto wengi kwa pamoja, akaona mistari mingi inalala katika mwezi mmoja, amepata taarifa ambayo kadi moja haiwezi kumpa.

Basi, baba, leo jioni omba uonyeshwe kadi hiyo. Tafuta nukta tatu za mwisho. Na siku ya kliniki, muuguzi akisema tu kwamba uzito ni mzuri, mama amwombe kwa adabu aweke kidole juu ya mstari na kumwonyesha unakoelekea.