Kustaajabu Si Kupoteza Wakati

Wako watu wasemao kuwa mwanafunzi anayeduwaa mbele ya sumaku na waya anapoteza wakati. Kwamba heri akariri kanuni, ashinde mtihani, na uhandisi ataujua Chuo Kikuu. Msomaji, usiyakubali maneno hayo.

Michael Faraday alikuwa mwana wa mhunzi, na ujana wake aliutumia kujalidi vitabu vya watu. Hesabu yake ilikuwa haba, lakini mshangao wake ulikuwa mwingi. Mwaka 1831 alionyesha kwamba sumaku ikitulia ndani ya waya uliosokotwa, hapana kitu. Ikisogezwa, umeme hupita. Siri ni mwendo.

Nenda Olkaria, karibu na Naivasha, ambako umeme wa mvuke wa ardhini ulianza kuzalishwa mwaka 1981. Mvuke huzungusha mapanga ya mtambo, mapanga huzungusha sumaku kati ya waya, na taa za miji huwaka. Ni jambo lile lile la Faraday, limekuzwa tu.

Aliyekariri kanuni bila kuihoji ataweza kuuwasha mtambo huo. Siku utakapokwama, atasimama kando akimngoja mgeni. Aliyeustaajabia atauliza: mwendo umekatika wapi? Huyo ndiye mhandisi.

Siudharau mtihani, ndio ufunguo wa mlango. Lakini ufunguo si nyumba. Basi leo shika sumaku, isogeze ndani ya waya, uitazame sindano ya mita ikicheza. Kisha jiulize kwa nini, wala usione haya.