Daladala si Neno la Kihuni

Wapo miongoni mwetu waungwana ambao wakilisikia neno "daladala" hukunja uso. Hudai kwamba ni neno la wapiga debe, lisilostahili barua ya ofisi wala shairi. Wangependa tuseme "basi dogo la abiria". Dai hilo halina msingi, na yatupasa kulikanusha.

Kwanza tutazame asili yake. Sarafu ya shilingi tano mitaani iliitwa "dala", kwa kuiga jina la dola, fedha ya Marekani. Mabasi ya Shirika la Usafiri Dar es Salaam yalipozidiwa na abiria, magari ya watu binafsi yaliingia barabarani, mwanzo kwa kificho, kisha kwa ruhusa ya Serikali mwaka 1983. Nauli ikawa shilingi tano, utingo akanadi: "Dala! Dala!" Mwito ukawa jina la gari.

Je, hapo lugha imeharibiwa wapi? Neno geni limepokewa, likavuliwa ugeni wake, likakaririwa kwa desturi yetu ya tangu zamani, kama tusemavyo polepole na sawasawa. Twasema daladala hii, daladala zile, na sarufi haikuteguka. Mtunzi alihesabu, atapata mizani nne kamili. Shule tuliipata kwa Wajerumani, meza kwa Wareno, kitabu kwa Waarabu. Hakuna ayakunjiaye uso maneno hayo. Basi kosa la daladala ni lipi, isipokuwa kuzaliwa kituoni?

Alidharauye neno humdharau aliyelizaa. Dala moja leo hailipi nauli ya popote, lakini neno limeihifadhi nauli ile, na pamoja nayo shida ya watu waliosimama juani wakingoja basi lisilokuja. "Basi dogo la abiria" laeleza gari. Halisemi lolote juu ya waliolipanda.

Wala jambo hili halikwisha. Yalipoanza mabasi yaendayo haraka mwaka 2016, wananchi waliyaita "mwendokasi", na jina hilo ndilo lililoshika.

Vyombo vya lugha vina kazi ya kusanifisha, lakini uzazi wa maneno ni wa wasemaji wote. Sisi wenye kalamu tuliandike neno hili pasipo haya, pamoja na asili yake, kabla hawajatutoka wale waliolipa dala kwa mikono yao.