Mchanga Unaometa Si Mgodi

Hoja iliyochapishwa ni kwamba ulanga unaometa katika mchanga wa Msimbati na mdomo wa mto Ruvuma unathibitisha kuwapo kwa mgodi wa kale uliosahauliwa chini ya pwani ya Mtwara. Hoja hiyo inapendeza mpaka ikutane na jiolojia. Pegmatiti, mwamba wa punje kubwa unaoganda mwishoni mwa kupoa kwa magma, na ambamo ulanga hukaa pamoja na felispa ya kutengenezea kauri na vioo, makao yake ni bara. Ndiyo maana Wajerumani, enzi za ukoloni wao, waliuchimba ulanga katika milima ya Uluguru, si ufukweni. Pwani ya Mtwara imelala juu ya mashapo, yaani matabaka ya mchanga na matope yenye unene wa kilomita kadhaa, ambamo mwaka 1982 iligunduliwa gesi huko Mnazi Bay, wala si pegmatiti.

Udhaifu mkubwa zaidi uko katika huo mmeto wenyewe. Ruvuma huanzia milima ya Matagoro karibu na Songea, hukata miamba ya kale katika safari yake ya takribani kilomita 800, na vijipande bapa vya ulanga wa miamba hiyo huelea kirahisi na kutua pale maji yanapopunguza kasi. Kwa mantiki ya watetezi wa hoja hiyo, gogo lililoletwa na mafuriko lingethibitisha kuwa baharini kuna msitu. Isitoshe, ulanga uliotafutwa kwa vifaa vya umeme ulikuwa mabamba ya kushikwa mkononi na kupasuliwa matabaka, si vumbi linaloganda kwenye nyayo.

Anayeutaka mgodi na aufuate mto kwenda juu; Msimbati ataambulia mchanga.